Walibisha Hodi Kabla ya Kuitwa Mashifta



Nianze na kitu ambacho kila mtu wa hapa Modogashe anakijua. Ukitaka kupanda gari kwenda Nairobi, mama anakuuliza, "Unaenda Kenya lini?" Ukirudi, watu wa sokoni wanakuuliza, "Kenya iko aje?" Tunacheka, maisha yanaendelea. Lakini umewahi kujiuliza maneno haya yametoka wapi? Mtu amezaliwa Kenya, ana kipande cha Kenya mfukoni, halafu anaongea kuhusu Kenya kama ni nchi ya jirani?

Nilijiuliza swali hili kwa mara ya kwanza nikiwa kwa basi. Tulisimamishwa kwa kizuizi kimoja barabarani, tukashushwa wote na vipande mkononi kama kawaida. Askari mmoja kijana, umri wangu hivi, akashika changu, akakigeuza mbele na nyuma, akaniambia huku akicheka, "Nyinyi mashifta mnasafiri sana siku hizi." Nilitaka kumjibu. Nikafungua mdomo, nikagundua sina la kusema. Uoga ulikuwepo, tusidanganyane, lakini shida kubwa ilikuwa nyingine. Nilijua shifta ni tusi. Sikujua limefunika nini.

Nina diploma, wallahi. Nimesoma historia ya Kenya kuanzia darasa la nne. Nimefundishwa Mau Mau, Lancaster House, Madaraka, Jamhuri. Kuhusu watu wetu kulikuwa na mstari mmoja au miwili tu: Wasomali wa kaskazini walitaka kujitenga, kukawa na vita vya shifta, serikali ikashinda. Ukisoma hivyo unadhani wazee wetu waliamka asubuhi moja wakachukua bunduki.

Nilipofika nyumbani nikamuuliza awowe. Mwaka wa 1962 alikuwa kijana wa kuchunga mbuzi. Aliniambia baba yake na wazee wengine walisafiri siku kadhaa mpaka Garissa kwenda kuongea na watu wawili waliotumwa na serikali ya Uingereza, na yeye akawafuata. Anakumbuka kwamba mmoja alikuwa mzungu na mwingine mtu mweusi, na kwamba yule mweusi alikuwa anaongea Kiingereza kumshinda DC. Jambo hilo liliwashangaza kuliko mkutano wenyewe! Wazee wakaulizwa wanataka nini. Wakajibu. Wakarudi nyumbani kungoja majibu.

Nikamuuliza, majibu yakawa nini? Akasema, "Hakuna mtu alituambia."

Basi nikaanza kutafuta. Ninayoandika hapa yote ni mambo yaliyo wazi, yamechapishwa, yeyote anaweza kuyasoma. Tatizo ni kwamba hatuyasomi.

Anza na hii. Sehemu yetu iliitwa Northern Frontier District, NFD. Wilaya sita: Garissa, Wajir, Mandera, Moyale, Marsabit na Isiolo. Tangu 1902 Waingereza waliifunga kwa sheria. Mtu wa nje hakuingia bila kibali, na mtu wa hapa hakutoka ovyo. Mwaka wa 1934 wakaongeza sheria nyingine ya kuwapa maofisa wao nguvu zaidi juu yetu. Siasa pia zilifungwa. Somali Youth League ilipoanza kupata wafuasi huku, ikapigwa marufuku 1948, na mpaka 1960 haikuruhusiwa kuwa na chama cha siasa NFD. Kwa hivyo wakati watu wa Nairobi na Kisumu walikuwa wanapigania uhuru wa Kenya, watu wetu walikuwa hata hawaruhusiwi kuingia hiyo Kenya. Sasa unaona yale maneno ya mama yametoka wapi? Serikali yenyewe ndiyo iliyotufundisha kwamba Kenya ni kwingine.

Halafu kuna hii ambayo wengi hawaijui. Mpaka 1925, Kismayu ilikuwa ndani ya koloni la Kenya. Ndiyo, Kismayu. Jubaland yote ilikuwa chini ya Waingereza wa Nairobi. Waitaliano walikuwa wamepigana upande wa Uingereza katika vita vya kwanza vya dunia na wakaahidiwa zawadi, basi Uingereza ikachukua Jubaland ikawapa. Hakuna baraza lililoitishwa. Familia zilizokuwa upande huu na upande ule wa mstari hazikuulizwa kitu. Kumbuka hilo, kwa sababu baadaye watu wetu waliambiwa kwamba mipaka haiguswi.

Siasa ziliporuhusiwa 1960, watu wa NFD walifanya kile ambacho kila mtu anafundishwa kufanya. Waliunda chama, Northern Province People's Progressive Party. Viongozi wake hawakuwa Wasomali peke yao. Wako Happi alikuwa mmoja wa vinara, na hakuwa Msomali kwa kabila. Mwaka huohuo Jamhuri ya Somalia ikazaliwa, tarehe 1 Julai, na bendera yake ina nyota ya ncha tano. Ncha moja ni sisi, NFD. Kwa hivyo ombi lilikuwa wazi: kabla Uingereza haijaondoka Kenya, itupe nafasi ya kuchagua tunaenda wapi.

Mapema 1962 ujumbe wa NFD, Abdirashid Khalif akiwemo, ulikuwa Lancaster House, London. Nyumba ileile tuliyosoma kwa vitabu. Ombi lao lilikuwa la kawaida kabisa kwa miaka ile: tumeni tume huru, ije iulize watu wenyewe. Waziri wa makoloni, Reginald Maudling, akakubali. Tume ikaja Oktoba 1962. Wajumbe wawili: Meja Jenerali Bogert kutoka Canada na wakili Onyiuke kutoka Nigeria. Huyo ndiye mtu mweusi wa awowe.

Walizunguka, wakaitisha mabaraza, wakapokea wajumbe na barua. Kazi yao ilikuwa kuuliza maoni na kuandika walichosikia. Hawakupewa ruhusa ya kupendekeza nini kifanyike. Mimi hapo ndipo nilipoona ujanja, maana tume isiyoruhusiwa kupendekeza ni tume ambayo jibu lake linaweza kuwekwa kabatini bila mtu kuvunja ahadi.

Ripoti ilichapishwa London Desemba 1962. Iliandika nini? Kwamba Wasomali, karibu wote kwa kauli moja, walitaka kutoka Kenya ikipata uhuru na hatimaye kuungana na Somalia. Kwamba Waislamu wengine wa NFD, wakiwemo Waborana Waislamu, walikuwa na msimamo huohuo. Kwamba Waborana wengine, Wagabra na Waburji wa upande wa Marsabit na Moyale walitaka kubaki. Na kwamba ukihesabu watu, wanaotaka kutoka ndio wengi katika NFD nzima.

Soma tena hapo. Serikali ya Uingereza iliuliza swali. Ikajibiwa. Ikachapisha jibu kwa karatasi yake yenyewe.

Machi 1963, waziri mpya wa makoloni Duncan Sandys akatangaza uamuzi: sehemu ya Wasomali itakuwa jimbo la saba la Kenya, North Eastern. Yaani badala ya kile mlichoomba, tumewapa jina la jimbo. Somalia ikakata uhusiano na Uingereza mwezi huohuo. Uchaguzi wa Mei 1963, ule wa kuelekea Madaraka, ukasusiwa na watu wetu. Agosti kukawa na mazungumzo Roma kati ya Uingereza na Somalia, siku chache tu, yakavunjika. Desemba 12 bendera ya Kenya ikapanda.

Kwa nini walikataliwa? Vijana wengi wakisikia hadithi hii wanasema moja kwa moja, ni kwa sababu sisi ni Waislamu. Mimi sikubali kwamba ni rahisi hivyo. Angalia Ireland.

Waireland walikuwa Wakristo, wazungu, na majirani wa mlango kwa mlango na Waingereza. Desemba 1918 chama chao cha Sinn Féin kilishinda viti 73 kati ya 105 vya Ireland. Badala ya kwenda bunge la London, wabunge wao walikaa Dublin Januari 1919, wakatangaza uhuru, wakayaandikia mataifa ya dunia yawatambue. Wakamtuma mtu wao, Seán T. O'Kelly, Paris, ambako wakubwa wa dunia walikuwa wanagawana mipaka baada ya vita. Mlango haukufunguliwa. Rais wa Marekani wakati huo, Woodrow Wilson, alikuwa anasifika kwa kuhubiri haki ya kila taifa kujiamulia, lakini Uingereza ilikuwa rafiki yake, basi Waireland wakaambiwa wangoje. Kiongozi wao, Éamon de Valera, akakaa Marekani kama mwaka mmoja na nusu akizunguka mji kwa mji. Alijaza viwanja. Alichangisha dola mamilioni kutoka kwa Waireland wa huko. Kutambuliwa na serikali ya Washington hakupata.

Walichopata mwishoni, Desemba 1921, kilitoka London kwenyewe, baada ya vita. Na hata hapo kaunti sita za kaskazini zilibaki kwa Uingereza. Ikaundwa tume ya mipaka, ikaandika ripoti 1925, ripoti ikafichwa, watu wakaja kuisoma 1969! Tume na kabati, hadithi ileile.

Kwa hivyo tukiondoa dini na rangi, tunabaki na swali la nani anakuhitaji. Waireland walikuwa na mamilioni ya ndugu zao Marekani, wenye kura na pesa. Hata hivyo haikutosha Paris. Sisi tulikuwa na nani? Mogadishu ilipiga kelele, lakini Uingereza ilikuwa inaihitaji Nairobi zaidi. Bandari, reli, mashamba ya walowezi, kambi za jeshi, vyote vilikuwa Kenya. KANU na KADU walikuwa wanagombana kwa kila kitu, lakini kwa hili walikuwa kitu kimoja: hakuna kipande cha ardhi kinachotoka. Na Afrika nzima iliyokuwa inapata uhuru iliogopa. Kila rais alikuwa na NFD yake mahali fulani ndani ya nchi yake. OAU ilipoundwa Addis Ababa Mei 1963, Somalia ilileta malalamiko, ikabaki peke yake. Mwaka uliofuata, Cairo, Julai 1964, marais wakapitisha kwamba mipaka ya ukoloni ibaki ilivyo. Mlango ukafungwa kwa ufunguo.

Naelewa kwa nini walifanya hivyo. Kama kila mpaka ungefunguliwa, pengine bara lote lingewaka. Lakini kuelewa si kukubali kwamba aliyeuliza alikuwa jambazi.

Sasa nije kwa bunduki, kwa sababu nikiruka hapo nitakuwa nawadanganya. Damu ya kwanza kubwa ilimwagika upande huu wetu wa Modogashe. Juni 1963, kabla ya uhuru, Daudi Dabasso Wabera, DC wa Isiolo na mmoja wa Waafrika wa kwanza kushika kazi hiyo, alipigwa risasi pamoja na chifu Haji Galma Dido. Wote wawili walikuwa wanapinga kujitenga. Sisi Wasomali tukisimulia hadithi hii mara nyingi tunaanza na mateso yetu na kuwasahau hao wawili. Majirani zetu wa Garbatulla hawajasahau. Ukitaka haki yako itambuliwe, huwezi kuwaua waliosema hapana kwenye baraza lilelile ulilosema ndiyo.

Baada ya hapo mnajua, au mmesikia vipande vipande. Hali ya hatari ikatangazwa kabla Desemba 1963 haijaisha. Watu wakakusanywa kwa nguvu kwenye vijiji vilivyolindwa na jeshi, mifugo ikapigwa risasi au kufa kwa kukosa malisho. Waborana wa Waso wana jina la kipindi hicho, Daaba, wakati ambapo kila kitu kilisimama. Oktoba 1967, Arusha, Kenya na Somalia zikatia sahihi makubaliano chini ya usuluhishi wa Kenneth Kaunda, vita vikaisha polepole. Watu wa NFD hawakuwa na kiti kwenye meza hiyo. Lancaster House angalau walikuwa na kiti.

Halafu 1970 Bunge likapitisha sheria ya kuwakinga maofisa wa serikali wasishtakiwe kwa waliyofanya huku kati ya tarehe 25 Desemba 1963 na 1 Desemba 1967. Fikiria kuhusu hiyo sheria kidogo. Kama hakuna kibaya kilichofanyika, kinga ni ya nini? Hali ya hatari nayo ilikaa mpaka 1991. Mtu aliyezaliwa Garissa siku ya uhuru alifikisha miaka 27 kabla ya kuishi siku moja chini ya sheria za kawaida za nchi yake.

Hapa nawasikia wengine mkisema, "Ndugu, shukuru Mungu tulikataliwa. Ona Somalia imekuwa nini. Ungekuwa mkimbizi Dadaab sasa hivi." Hoja hii nimeisikia mara mia, na ina uzito. Dadaab iko kaunti yetu hii, tumeona kwa macho waliofika huko tangu 1991. Mimi mwenyewe sitaki kwenda popote. Nina kura Garissa, nina mwakilishi wa wadi wa kumlaumu, nina kesi zangu na kaunti kuhusu maji. Mimi ni Mkenya na simuombi mtu ruhusa.

Lakini wazee wa 1962 hawakuulizwa Somalia itakuwaje 1991. Waliulizwa wanataka nini, na wakajibu wakiwa wanajua tu walichokiona: miaka sitini ya kufungiwa na serikali ya Nairobi. Kama wangekuwa wameonyeshwa Kenya nyingine, labda wangejibu vingine. Huwezi kutumia mambo yaliyokuja miaka thelathini baadaye kusema kwamba hawakuwa na haki ya kuulizwa.

Na hili si la zamani tu. Ukichukua ombi la watu ukaligeuza kuwa ujambazi, kila kinachofuata kinakuwa rahisi. Wagalla, Februari 1984, ilikuwa rahisi kwa sababu tayari tulikuwa mashifta. Ukaguzi wa Wasomali wa 1989, watu kupewa kadi maalum kuthibitisha ni Wakenya, ulikuwa rahisi kwa sababu hiyohiyo. Kijana wa Modogashe kukaa mbele ya kamati akiulizwa jina la babu wa babu ndiyo apate kipande, huku kijana wa Nyeri anajaza fomu na kwenda nyumbani, chanzo kilikuwa kilekile. Februari 2025, Rais Ruto alisimama Wajir akatangaza kwamba ukaguzi huo wa ziada umekwisha. Tulifurahi, mimi nilikuwa mmoja wa waliopiga makofi. Lakini tangazo linaweza kutolewa leo na kusahauliwa kesho, ndiyo maana nataka ujue lilikuwa linajibu swali la mwaka gani.

Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhi ripoti yake Mei 2013. Imeandika kwa urefu kuhusu sisi. Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi Bungeni kwa dhuluma za zamani na akataja mfuko wa shilingi bilioni 10. Muulize mjane yeyote hapa amepokea shilingi ngapi. Ripoti iko kabatini, na sasa unajua kabati hilo ni la tangu lini.

Wiki iliyopita nilimpelekea awowe ripoti ya 1962. Rafiki anayesoma chuo alinitumia nakala kwa simu. Nilikaa naye nje baada ya Asri, nikamtafsiria kwa Kisomali sehemu ile wanaposema kwamba wengi walitaka kutoka. Akaniuliza, "Waliandika hivyo?" Nikamwambia ndiyo. "Yule mweusi aliandika?" Wote wawili, nikamwambia. Akaniambia nirudie kusoma. Nikarudia. Akanyamaza kwa muda, halafu akaanza kunitajia majina ya wazee waliosafiri naye kwenda Garissa, mmoja mmoja, na ukoo wa kila mmoja. Nilikuwa sijawasha kinasa sauti. Majina mengine yamenipotea, na najilaumu mpaka sasa.

Hapa mjini najua wazee wengine wawili waliokuwa barazani mwaka huo, na ayeyo mmoja aliyekuwa ndani ya kijiji cha jeshi akiwa msichana. Ijumaa hii baada ya swala nakwenda kwa wa kwanza, simu ikiwa na chaji kamili. Na ninyi mlio Wajir, Mandera, Isiolo, Garbatulla, mna wenu. Waborana pia, hasa familia za wale waliosema hapana. Kama huna la kufanya wikendi hii, nenda ukae na mzee wako, umuulize nani walikuwa kwenye ule mkutano na walisema nini kwa maneno yao. Washa kinasa sauti kwanza, ndiyo uulize.